Sheria ya Kubebeana Makosa

Nchi yenyewe haipo. Hili lisemwe mapema, ili msomaji mwenye tabia ya kufananisha asijisumbue bure. Haionekani kwenye ramani yoyote, na majirani zake, ambao nao hawapo, hawajawahi kuilalamikia. Kitu ilichokuwa nacho kwa wingi ni serikali. Palikuwa na Wizara ya Maji, na Wizara ya Kueleza Kwa Nini Hakuna Maji, na Tume ya kuzipatanisha hizo mbili, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa na bomba linalotoa.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo aliishi mwalimu ambaye yeye alikuwepo kabisa, tena kwa sauti. Jina lake Mwatumu Pazi. Kila alasiri alifundisha Kiingereza kwa watu wazima katika ghala la zamani la pamba. Wanafunzi wake walikuwa watu wenye shughuli zao: Sikitu alikuwa fundi cherehani aliyechoka kushonea wageni kwa ishara za mikono, Ngwilizi mpishi wa hoteli, na wengine wa namna hiyo. Watoto unaweza kuwafundisha Kiingereza kwa fimbo au kwa peremende. Mtu mzima hataki hata kimoja, anataka asichekwe.

Hilo Mwatumu alilijua siku Ngwilizi aliposimama na kusema, "Yesterday I buyed fish." Mtu wa nyuma akacheka. Ngwilizi, baba wa watoto wakubwa, akachukua kofia yake akaondoka, na ilibidi mwalimu amfuate hadi jikoni hotelini kumbembeleza. Aliporudi naye, darasa lilikuwa na utaratibu mpya. Mtu akikosea, wote wanavuta pumzi na kulirudia kosa lake kwa sauti moja, mwalimu akiwemo. "Buyed!" Likishasemwa na wote, hakuna tena mwenye kosa. Huko kuliitwa kubeba. Kisha mwalimu anapiga makofi, pa! na wote kwa pamoja wanasema lililo sahihi. "Bought!" Huko kuliitwa kushusha. Kosa linabebwa, linashushwa, watu wanaendelea na safari. Tangu siku hiyo hakuna aliyechukua kofia yake kabla ya saa.

Na walipomuuliza, kama wanafunzi wote wanavyouliza, kwa nini hivi vitenzi vingine havifuati kanuni kama wenzake, Mwatumu hakuwaambia "ndivyo vilivyo, karirini." Alitoa mwiko kwenye mkoba wake.

"Mwiko huu nilipoununua ulikuwa sawa na wenzake wote pale dukani," alisema. "Tazameni sasa. Umelika upande mmoja, kwa sababu mkono wangu unasonga ugali kila siku, na unasonga kuelekea upande mmoja. Vitenzi navyo ni hivyo. Kula, kunywa, kuja, kwenda, kulala, kutoa, kununua. Watu wa lugha hiyo wamevishika kila siku, vizazi na vizazi, vimepata umbo la mikono yao. Kitenzi kinachokaa kabatini hadi waje wageni, hicho hakina hata mkwaruzo. Kwa hiyo mkikutana na kitenzi kilicholika msikichukie. Jueni kuwa watu wamekipenda."

Watu walitoka ghalani wakitembea wima zaidi kuliko walivyoingia.

Aliyebebewa makosa mengi kuliko wote alikuwa tarishi mmoja wa ofisini, Danstani Mbonde. Alifika akiwa na woga kiasi kwamba hata jina lake alilitamka kama anauliza swali. Mwaka mzima darasa lilibeba makosa ya Danstani. Sikitu alikuwa akisema mabega yanamuuma. Lakini kijana alikuwa na akili, na akaiva, akaenda kuwa mkalimani serikalini. Siku ya kuaga alilia mbele ya darasa zima bila kuona haya.

"Mwalimu," alisema, "siku yoyote ukikosea wewe, popote, mimi nitalibeba."

"Mimi sikosei," Mwatumu alijibu, na wakacheka wote. Lakini neno lile alienda nalo nyumbani, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto, alilitunza mahali ambapo wengine hutunza watoto.

*

Mkuu wa nchi hiyo, ambaye jina lake kamili lilichukua robo saa na hivyo aliitwa Mkuu tu, alialikwa nje kwenye chakula cha jioni cha marais. Alikuwa na mkalimani, lakini usiku huo alipata hamu ya kuzungumza mwenyewe. Akasimama, akagonga glasi, akasema: "Yesterday I goed to your market, and I eated very well."

Uma zikasimama hewani. Mke wa rais mmoja akafunika mdomo kwa kitambaa. Ujumbe mzima wa nchi isiyokuwepo ukainamia sahani, kila mtu akihesabu siku zake za ajira zilizobaki. Ndipo mkalimani Danstani Mbonde akainuka, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akapaza sauti: "Goed!" Wenzake wakaelewa upesi, maana hofu ni mwalimu mzuri. "Goed!" wakaitikia. "Eated!" Wenyeji wakadhani ni desturi ya kutakiana heri. Nao wakainua glasi, marais wazima, wakasema kwa pamoja, "Goed! Eated!" wakanywa.

Mkuu aliketi akitabasamu. Kwenye ndege ya kurudi alimwita Danstani akae karibu naye, akamuuliza ile desturi inaitwaje.

"Inaitwa kubeba, Mheshimiwa."

"Na baada ya kubeba kuna nini?"

Danstani alitazama nje dirishani, akaona mawingu. "Hakuna kitu, Mheshimiwa," akasema. "Inaishia hapo."

Ndege ilipotua alikuwa tayari Waziri wa Lugha na Utiifu.

*

Sheria ilisomwa redioni na Waziri mwenyewe, kwa sauti ambayo Mwatumu aliijua tangu ikiwa inatetemeka.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi vitenzi vya Kiingereza vimeishi miongoni mwetu bila utaratibu. Vingi ni vitiifu, vinapokea 'ed' yao na kunyamaza. Lakini viko vichache, vyenye majivuno, ambavyo vikifika wakati uliopita vinabadili sura na kubadili jina. Serikali inajiuliza, vinaficha nini? Kitenzi kisicho na la kuficha kibadili jina kwa sababu gani? Kuanzia Jumatatu, kila kitenzi kitavaa sare. Na kosa lolote likisharudiwa hadharani na mtu mwingine, hata mmoja, halitahesabiwa kuwa kosa, bali msimamo wa taifa. Utaratibu huu utaitwa kubeba."

Mwatumu aliruka kitini. Machozi yalimtoka kwa furaha, na hilo lisifichwe. Alimshika Sikitu mabega akamtikisa. "Umesikia? Kubeba! Danstani ameipeleka nchi nzima! Hakunisahau, Sikitu, unaona?"

"Nimesikia, mwalimu," alisema Sikitu. "Kushusha sijasikia."

"Itakuja. Serikali hupeleka mambo kwa awamu."

"Hiyo awamu ya pili, mwalimu, ningekuwa wewe nisingeipikia chai."

Haikuja. Jumatatu ilipofika, polisi waliweka vizuizi barabarani wakimuuliza kila mpita njia kwa Kiingereza jana alikwenda wapi, na lazima ajibu "I goed." Mzee mmoja aliyesema kwamba jana hakwenda popote alishikiliwa hadi alipokumbuka. Rubani wa ndege ya taifa aliwaambia watu wa uwanja wa kigeni kwamba ameondoka nyumbani, "I leaved," wakamwomba arudie, akarudia, wakaomba tena, akazunguka angani akirudia hadi mafuta yakakaribia kwisha, na aliposhuka alipewa barua ya pongezi kwa msimamo. Mkurugenzi wa Takwimu akatangaza kwamba vitenzi vyote vimetii, na akavitaja kwa namna ya pekee "cut" na "put", ambavyo havijawahi kubadilika tangu kuzaliwa kwavyo. Vikatunukiwa nishani ya uaminifu, na kwa kuwa havikuweza kufika, nishani zilipokelewa na shemeji yake Mkurugenzi.

Ghalani, Mwatumu aliendelea kufundisha kama zamani. Alibeba na akashusha. Wanafunzi walianza kushusha kwa sauti ndogo, kisha kwa midomo tu. Hakuwalaumu. Alijua watu wana watoto.

*

Kila sheria nzuri inahitaji mhalifu, la sivyo wananchi watadhani haifanyi kazi. Miezi ilipita na mhalifu hakupatikana. Mkuu akaanza kumuuliza Waziri wake maswali mafupi mafupi, na maswali mafupi ya Mkuu yalikuwa na sifa mbaya.

Wiki hiyo hiyo Danstani alifika ghalani na magari matatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Ingia, ingia. Na hawa wote ni wako?"

"Ni wa ofisi tu, mwalimu."

Alikaa kwenye benchi lake la zamani, magoti yakimfika kifuani. Alikula vitumbua vinne na kusema havijabadilika. Aliuliza habari za mgongo wa mwalimu, za paa linalovuja, za Sikitu na Ngwilizi, mmoja mmoja kwa jina. Mwatumu alimtazama na kujisemea kwamba watu wanamsingizia tu huyu mtoto.

"Mwalimu," alisema Danstani, "nieleze tena ile ya mwiko. Ile ya kwa nini vitenzi vingine viko vile. Huwa najaribu kuwaeleza vijana wa wizarani, siipati kama wewe."

Basi akamweleza, na hakuwahi kueleza vizuri kama siku ile. Alieleza kama mama anayemvika mwanawe nguo ya harusi, bila haraka, bila kuruka kifungo. Mmoja wa wale wa ofisi alikuwa ameweka simu juu ya dawati, uso chini, na Mwatumu alidhani ni adabu.

"Niazime mwiko wenyewe," Danstani alisema akiondoka. "Tuuweke kwenye makumbusho ya taifa."

Akampa. Usiku ule alisonga ugali kwa mpini wa ufagio, akicheka peke yake kwa fahari.

Siku tatu baadaye walikuja askari wawili wenye adabu nyingi, wakamwomba afuatane nao.

*

Mashtaka yalikuwa kwamba Mwatumu Pazi anafuga vitenzi vikaidi katika ghala la umma. Hilo lingevumilika. Zito lilikuwa la mwiko. Alinaswa akitamka kwamba kitu kikishikwa na mkono uleule kila siku hulika upande mmoja. Jopo la wataalamu lilikaa na mwiko ule wiki nzima, likaupima, likaunusa, likahitimisha kuwa mkono uliozungumziwa ni wa Mkuu, na kilichoshikwa ni nchi. Wataalamu wenyewe walisema wasingewahi kulifikiria hilo kama wasingelipwa posho ya kufikiri.

Kilichokuwa hatarini ni kimoja tu. Baraza lililoundwa kusikiliza kesi hiyo likimtia hatiani, hatasimama tena mbele ya ubao maisha yake yote, na ghala litafungwa. Mwatumu hakuwa na kitu kingine. Hakuwa na mume, shamba, wala uzee wa kupumzikia. Alikuwa na ile alasiri, na watu wanaotoka wakitembea wima.

Kwenye ujia nje ya ukumbi, Danstani alimfuata. Alikuwa amekonda. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, sikujua watafika mbali hivi. Sikiliza. Watakuuliza swali moja la Kiingereza. Jibu unavyojua wewe, usijidhalilishe. Kisha nitalibeba. Sauti moja tu inatosha, sheria inasema hivyo, niliiandika mwenyewe. Likishabebwa si kosa tena, na kesi imekwisha."

"Una hakika, mwanangu?"

"Mwalimu. Umenibebea mangapi?"

Mwatumu akaingia ukumbini bila woga wowote. Aliwaona watu wake wote wameletwa na kupangwa safu za mbele, Sikitu akiwa na gauni aliloshona mwenyewe, Ngwilizi akiwa na kofia magotini. Akafurahi zaidi. Kama Danstani atakwama, alifikiri, wako hawa. Sauti moja tu, na hapa ziko arobaini.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, wote wakasimama, na Mkuu mwenyewe akaingia. Alikuwa amesikia kuna burudani. Akaketi karibu na Waziri wake, akamtandika kofi la urafiki mgongoni.

"Mshtakiwa," alisema Mwenyekiti wa Baraza, "mwambie Mheshimiwa Mkuu, kwa Kiingereza, jana alasiri ulikwenda wapi."

Mwatumu alijua neno linalotakiwa. Lilikuwa jepesi, lingemrudisha ghalani leo hii, na kesho angelisema tena, na keshokutwa, mpaka mwisho angelifundisha. Alimtazama Danstani. Akajibu kwa sauti ya darasani, ile inayofika benchi la mwisho.

"I went to my class."

Mwatumu alisubiri kile kishindo kidogo cha vifua vikivuta pumzi, ambacho alikijua kuliko mapigo ya moyo wake. Alimtazama Danstani Mbonde akichukua jagi, akijimiminia maji, akinywa. Alikunywa glasi nzima bila kupumua, kisha akajimiminia nyingine. Ngwilizi alikuwa akiikagua kofia yake kwa ndani. Sikitu alikuwa amefumba macho.

"Kuna mbebaji?" aliuliza Mwenyekiti.

Mwenyekiti akageukia safu za mbele.

"Kuna mbebaji?"

Mkuu alipiga miayo. Maji yalikuwa yamekwisha kwenye jagi, na Waziri aliendelea kuinamisha jagi tupu.

"Hakuna mbebaji. Basi darasa limsaidie mwalimu wake. Semeni jibu sahihi."

Na hapo kile kishindo kikaja. Watu arobaini walivuta pumzi pamoja, wakashusha mabega pamoja kama alivyowafundisha, wakaacha ule upenyo mdogo kabla ya neno, ambao ulimchukua miaka kuwazoesha.

"Goed!"

Lilitoka safi, bila mmoja kuwahi wala kuchelewa. Mkuu alipiga makofi, pa! akasema hajawahi kusikia darasa lililofundishwa vizuri namna hii. Mwatumu alisimama pale akiwa ameumia mahali ambapo hakujua mtu anaweza kuumizwa. Wangemzomea ingekuwa afadhali.

*

Ghala lilifunguliwa upya kama Chuo cha Taifa cha Vitenzi Vitiifu. Sikitu akapewa zabuni ya kushona sare. Alimletea Mwatumu khanga na kusimama mlangoni akilia, akisema, "Mwalimu, niliogopa, niliogopa tu." Mwatumu alimwambia anajua. Khanga aliipokea, lakini hakumkaribisha ndani.

Mwiko ulirudishwa na askari walewale wenye adabu. Serikali ilikuwa imeutengeneza. Fundi alikuwa ameupiga randa ule upande mwingine hadi pande zote mbili zikalingana. Mwatumu alijaribu kusonga nao, na mkono wake haukupata mahali pa kushika.

Jumapili moja baada ya mvua, Danstani Mbonde alikuja kwa miguu, peke yake, viatu vimejaa tope. Alisimama barazani.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwatumu alijibu marahaba, maana hiyo hanyimwi mtu yeyote.

"Nilitaka kulibeba, mwalimu. Naapa. Koo lilikauka."

"Ulikunywa maji mengi," alisema Mwatumu.

Danstani aliangalia viatu vyake. Alikuwa kama siku ile ya kwanza alipotaja jina lake kama anauliza. Maneno ya nyumbani yalimshinda, akakimbilia Kiingereza, ambako aliwahi kuwa na furaha.

"Teacher," akasema, na machozi yalikuwa ya kweli, "I never forgetted you."

Alilisikia mwenyewe. Lilikuwa limeshatoka, na alipolitafuta lile sahihi ulimini, hakuliona. Akainua uso, akamtazama mwalimu wake jinsi alivyokuwa akimtazama zamani kutoka kwenye benchi lile.

Mwatumu alihisi kifua chake chenyewe kikivuta ile pumzi. Kilivuta bila kumuuliza, kwa mazoea ya miaka. Ilibaki kulisema tu lile neno, kwanza kubeba kisha kushusha, na mtoto wake angekuwa amerudi.

Akaiachia pumzi polepole puani. Akauchukua mwiko wake ulionyooshwa, akaingia ndani, akafunga mlango. Danstani alisubiri barazani hadi matope ya viatu yakaanza kukauka, kisha akashika njia na kosa lake, peke yake.